Wanaokutana na VVU Bila Kuambukizwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

1. Je, ni kweli kwamba wapo watu wanaokutana na VVU mara nyingi na wasiambukizwe?

Ndiyo, wapo, ingawa ni wachache, na ni wachache kuliko wale wanaojidhania kuwa hivyo. Hawa ni watu ambao mazingira ya maisha yao yanaonyesha bila shaka kwamba virusi viliwafikia tena na tena, lakini damu yao haina kingamwili dhidi ya VVU, na hata vipimo vinavyotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe haviambulii kitu. Wamepatikana miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono huko Nairobi na Gambia, miongoni mwa wenza wa watu wenye VVU, na miongoni mwa wagonjwa wa hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) waliotibiwa kwa mazao ya damu yenye virusi kabla damu haijaanza kupimwa katika miaka ya 1980.

Neno lenyewe "kinga" lina mtego wake. Tukisikia kinga, wengi wetu tunafikiria surua: ukishaugua mara moja, umemalizana nayo. Kinga inayozungumzwa hapa haiko hivyo. Ni jina moja lililobebeshwa mambo kadhaa tofauti, mengine ya kurithiwa, mengine ya kupatikana ukubwani, na mengine, kama inavyoelezwa katika swali la 7, ya kupotea.

2. Mume wangu ana VVU na mimi kila nikipima sina. Je, nina kinga hiyo?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na jibu lake mara nyingi ni hapana, au angalau hakuna sababu ya kufikiri hivyo. Kama mume wako anatumia dawa za ARV sawasawa na kiwango cha virusi katika damu yake kimeshuka hadi hakigunduliki kwenye kipimo, basi hakuambukizi kwa njia ya kujamiiana. Kinachokulinda ni vidonge anavyomeza yeye. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96.

Hata kama hatumii dawa, hesabu bado inastahili kutazamwa kwa utulivu. Makadirio ya wastani yanayotumika sana ni kwamba mwanamke anayejamiiana kwa njia ya kawaida na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa yumo katika hatari ya maambukizi 8 kwa kila matendo 10,000. Chukua wanawake mia moja, kila mmoja akiwa amejamiiana hivyo mara mia moja: kwa wastani huo, wapatao 92 watabaki bila maambukizi, na hakuna hata mmoja wao anayehitaji kuwa na mwili wa ajabu. Lakini wastani huficha mengi. Hatari hupanda sana mwenza anapokuwa ameambukizwa wiki chache tu zilizopita, kunapokuwa na kidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa, na wakati wa ujauzito. Kwa hiyo miaka mitatu ya majibu hasi haikuahidi chochote kuhusu mwezi ujao.

3. Je, hawa ni sawa na wale wanaoishi na VVU miaka mingi bila dawa na bila kuugua?

Hapana, na makundi haya mawili huchanganywa mno. Watu wanaoishi na virusi bila dawa na bila kuugua wameambukizwa. Majibu yao ni chanya, isipokuwa mwili wao unavidhibiti virusi mpaka vinashindwa kuonekana katika kipimo cha kawaida cha kiwango cha virusi. Hawafiki hata mmoja katika kila mia moja ya walioambukizwa. Wengi wao wana aina fulani za protini za HLA, hasa B57 na B27, ambazo kazi yake ni kuonyesha vipande vya kirusi juu ya seli iliyoambukizwa ili seli za ulinzi zije kuiua. Ukurasa huu unahusu kundi lingine, la watu ambao kwao maambukizi hayakushika kabisa.

## Wanawake wa Majengo

4. Habari hii ilianzia wapi?

Kwa sehemu kubwa ilianzia Majengo, Pumwani, mashariki mwa jiji la Nairobi. Ushirikiano kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada ulikuwapo tangu 1980, na shabaha yake haikuwa UKIMWI bali kisonono, pangusa na magonjwa mengine ya zinaa. Mwaka 1985 damu ya wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono mtaani humo ilipopimwa VVU, takribani theluthi mbili walikutwa navyo. Daktari Frank Plummer, aliyekuwa kiongozi wa kazi hiyo kwa miaka mingi na ambaye alifariki Nairobi mwezi Februari 2020, hakutarajia kiwango hicho, wala hakuna aliyekitarajia.

Wanawake waliokutwa hawana virusi waliendelea kuja kliniki na kupimwa. Kati ya mwaka 1985 na 1994 waliandikishwa 424 wa namna hiyo, na 239 kati yao wakaambukizwa baadaye. Lakini walikuwepo 43 waliozidi miaka mitatu wakiwa bado hasi, wakiendelea na kazi ileile, katika mtaa uleule, kwa wateja walewale. Taarifa yao, iliyoandikwa na Keith Fowke na wenzake, ilichapishwa mwaka 1996.

5. Watafiti walijuaje kwamba haikuwa bahati tu?

Hapa ndipo kazi ya Majengo inapopendeza kwa umakini wake. Katika kundi kubwa lolote lililo hatarini, watakuwepo wachache wanaosalimika kwa bahati, kama ilivyoelezwa katika swali la 2. Kuonyesha watu 43 waliosalimika hakutoshi.

Hoja ilijengwa juu ya mwendo wa hatari yenyewe. Kama ni bahati peke yake inayofanya kazi, basi mwanamke aliyefika mwaka wa nne akiwa hasi ana hatari ileile ya kuambukizwa mwaka wa tano kama aliyoanza nayo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Lakini takwimu hazikwenda hivyo: kadiri mwanamke alivyokaa muda mrefu bila kuambukizwa, ndivyo uwezekano wa kuambukizwa ulivyozidi kupungua. Maana yake ni kwamba tangu mwanzo kundi lilikuwa na watu wa aina mbili waliochanganyika. Wale waliokuwa rahisi kuambukizwa waliambukizwa mapema, na kundi likabaki na wale wagumu. Watafiti waliangalia pia idadi ya wateja, matumizi ya kondomu na magonjwa mengine ya zinaa, na hayo hayakuweza kueleza tofauti hiyo.

6. Kwa nini waliachwa wajihatarishe ili watafiti waangalie nani atasalimika?

Hawakuachwa, na ni haki kulisema wazi, kwa kuwa shutuma hii husikika sana. Kliniki ilitibu magonjwa ya zinaa, na Elizabeth Ngugi, muuguzi ambaye baadaye alikuwa profesa wa afya ya jamii, aliwaandaa wanawake wenyewe wafundishane. Walikutana katika mabaraza, wakachagua viongozi wao, na mazungumzo hayakuwa ya nadharia: mteja akikataa kondomu unamwambiaje, na mwenzako wa chumba cha jirani akimkubali kwa bei ya chini bila kondomu mnafanyaje. Matumizi ya kondomu, yaliyokuwa machache mno mwaka 1985, yaliongezeka sana baada ya hapo. Kwa maneno mengine, watafiti walifanya bidii kuondoa hatari ileile iliyowapa matokeo yao.

Swali la haki linalobaki, na ambalo mimi naliona zito zaidi, ni lingine: damu na ute wa wanawake hawa vimezaa makala nyingi za kisayansi na vyeo vingi vya watu, ilhali wengi wao waliendelea kuishi katika chumba kimoja na kulipa kodi kwa kazi ileile.

7. Je, kinga yao ilidumu?

Kwa wengine ilidumu, kwa wengine haikudumu, na sehemu hii husahauliwa sana katika masimulizi ya mitaani. Kati ya mwaka 1996 na 1999 wanawake 11 ambao tayari walikuwa wamehesabiwa kuwa na kinga waliambukizwa. Sita kati yao walichunguzwa kwa undani, na wanne walikuwa na seli za ulinzi zilizoitambua VVU kati ya miezi 5 na 18 kabla ya kuambukizwa. Seli hizo zilikuwepo na hazikutosha.

Kilichowatofautisha zaidi na wenzao hakikuwa uzembe. Wengi wao walikuwa wamepunguza kazi katika mwaka uliotangulia, na hata miongoni mwa wenzao waliobaki hasi, mapumziko yaliambatana na kufifia kwa zile seli za ulinzi. Fikiria mwanamke anayekwenda kijijini kumuuguza mama yake kwa miezi kadhaa, kisha anarudi mjini akijua kwamba yeye ni mmoja wa "wale". Inaelekea kinga ya aina hii huhitaji kukumbushwa mara kwa mara, na adui anapokosekana kwa muda, mwili hupunguza walinzi. Hakuna atakayemshauri mtu akutane na virusi ili kinga yake isilale. Ndiyo maana kliniki hiyo haikumwambia mtu yeyote kwamba sasa kondomu hazimhusu.

## Kinachotokea mwilini

8. CCR5 ni nini, na kwa nini hutajwa kila mara?

VVU hushambulia hasa seli za ulinzi za damu ziitwazo CD4, kwa jina la protini iliyo juu yake, lakini kirusi hakiingii katika seli hiyo kwa kutumia protini ya CD4 peke yake. Kikishaishika, hutafuta mshiko wa pili juu ya seli hiyohiyo, na aina nyingi za VVU zinazoambukiza kutoka mtu hadi mtu hutumia protini iitwayo CCR5. Wapo watu ambao jeni inayotengeneza protini hiyo ina pengo la herufi 32. Aliyerithi pengo hilo kwa baba na kwa mama hana CCR5 juu ya seli zake, hivyo kirusi hubisha hodi bila kufunguliwa.

Jambo hili lilibainika mwaka 1996. Miongoni mwa watu waliosaidia kulifichua ni Stephen Crohn, mchoraji wa New York, ambaye alishuhudia mpenzi wake na marafiki wengi wakifa kwa UKIMWI, akajiuliza kwa nini yeye amebaki, akajipeleka mwenyewe kwa wanasayansi. Walipojaribu kuziambukiza seli zake katika maabara, hazikuambukizika. Ugunduzi huo ndio ulioelekeza utengenezaji wa maraviroc, dawa inayoziba CCR5, iliyoidhinishwa mwaka 2007.

Ulinzi huu nao una mwanya. Zipo aina za VVU zinazotumia mshiko mwingine uitwao CXCR4, na watu wachache wenye pengo kutoka kwa wazazi wote wawili wameambukizwa kwa njia hiyo. Aliyerithi pengo kutoka kwa mzazi mmoja tu huambukizwa kama wengine, ingawa kwa kawaida ugonjwa wake huenda polepole zaidi.

9. Je, Waafrika wanayo mabadiliko hayo ya CCR5?

Karibu hayapo. Yalizuka miongoni mwa watu wa Ulaya, na kwa wenye asili ya kaskazini mwa bara hilo takribani mtu mmoja katika kila mia ana nakala zote mbili. Wanawake wa Majengo walipochunguzwa, kinga yao haikutokana na pengo hilo. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha jeni hiyo Nairobi au Dar es Salaam, akidai kitakuambia kama uko salama, anakuuzia jibu ambalo karibu kila mara litakuwa "huna" na ambalo halitabadilisha chochote.

10. Basi wanawake wa Majengo walilindwa na nini?

Si kitu kimoja. Kwanza ziliangaliwa seli za CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa. Uchunguzi wa Gambia uliotangazwa mwaka 1995, na baadaye ule wa Nairobi, uliwakuta wanawake wasio na maambukizi wakiwa na seli za aina hiyo zilizokwisha kujifunza kuitambua VVU, ishara kwamba virusi viliwahi kuingia na kuzuiwa kabla ya kuota mizizi. Katika ute wa uke wa baadhi yao zilipatikana pia kingamwili za IgA dhidi ya VVU, ambazo kipimo cha kawaida cha damu hakizioni. Aina fulani za HLA zilionekana zaidi kwao, na ute wao ulikuwa na wingi wa protini kama elafini na serpini, ambazo hutuliza uvimbe na mchochota.

Halafu yakaja matokeo yaliyogeuza picha. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba anayelindwa ni yule ambaye mfumo wake wa kinga ni mkali kuliko wa wengine. Seli za wanawake hawa zilipochunguzwa kwa makini zikaonekana zimetulia: hazifanyi kazi kwa pupa, na zinatengeneza kwa kiasi kidogo zile protini ambazo kirusi huzihitaji ili kizaliane.

11. Seli zilizotulia zinamlindaje mtu? Si ingepaswa kuwa kinyume?

Kwa mafua ingekuwa kinyume. Lakini VVU hushambulia askari wenyewe. Seli ya CD4 iliyoamshwa na ugonjwa mwingine huweka CCR5 nyingi juu yake na kuwasha mitambo yake yote ya ndani, na kirusi hutumia mitambo hiyohiyo kujinakili. Seli iliyolala haimpi kirusi kazi ya kufanya. Kwa hiyo mahali penye kidonda au mchochota, ambapo mwili umekusanya seli nyingi zilizoamka, virusi hukuta karamu. Mantiki hiyohiyo inaeleza kwa sehemu kwa nini tohara ya wanaume ilipunguza maambukizi kwao kwa takribani asilimia 60 katika majaribio ya Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini): govi lina seli nyingi ambazo VVU hupenda kuanzia.

12. Nimesikia kwamba aspirini inakinga VVU. Je, ni kweli?

Haijathibitishwa, na tafadhali usiitumie kwa nia hiyo. Uvumi huu una chanzo cha kweli. Watafiti wa Nairobi na Manitoba walijiuliza kama utulivu ulioelezwa katika swali la 11 unaweza kuigwa kwa dawa rahisi. Waliwapa wanawake wa Nairobi wasio katika hatari kubwa dozi ndogo ya aspirini kila siku kwa wiki sita, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba seli ambazo VVU huzilenga katika njia ya uzazi zilipungua kwa takribani asilimia 35. Utafiti huo ulihesabu seli. Haukupima kama kuna mtu aliyeepushwa na maambukizi, na kati ya mambo hayo mawili pana safari ndefu. Aspirini ya kila siku inaweza pia kusababisha vidonda vya tumbo na kutokwa damu.

## Maswali ya pembeni, na yaliyo magumu zaidi

13. Je, kipo kipimo cha kunionyesha kama nina kinga ya asili?

Hakipo. Kinga hii hujulikana kwa kutazama nyuma tu, baada ya miaka ya mtu kukutana na virusi na kubaki hasi, na hata hapo haimhakikishii kesho yake (swali la 7). Kipimo cha kidoleni, kile cha tone la damu na kusubiri mstari mmoja au miwili, hukuambia hali yako tu. Mstari mmoja maana yake ni kwamba kingamwili hazijaonekana, na kama ulijihatarisha wiki iliyopita, ni mapema mno zionekane.

14. Je, kundi la damu, kabila au dini vina uhusiano wowote?

Kundi la damu halimkingi mtu. Kabila halimkingi mtu. Tohara hupunguza hatari kwa mwanamume bila kujali ilifanywa kwa sababu ya dini, jando au ushauri wa daktari, lakini haiiondoi.

15. Watoto wengi wa mama wenye VVU huzaliwa salama. Je, nao wana kinga hii?

Bila dawa yoyote, kati ya watoto 15 na 45 katika kila mia huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, maana yake zaidi ya nusu husalimika hata hapo. Baadhi yao huenda walilindwa na miili yao, lakini kondo la nyuma nalo ni ukuta, na wengi hawakufikiwa na virusi vya kutosha. Mama akitumia ARV, maambukizi hushuka chini ya asilimia 5, na wanaosalimika wanasalimika kwa dawa. Kumbuka pia kwamba mtoto huazima kingamwili za mama yake kwa miezi ipatayo 18, hivyo kipimo cha kingamwili kinaweza kumwonyesha chanya asiyeambukizwa. Ndiyo sababu kliniki humchoma kisigino, hukausha matone ya damu kwenye karatasi maalumu, na kuyapeleka maabara kutafuta kirusi chenyewe.

16. Kama pengo la CCR5 linakinga, kwa nini wagonjwa wote wasipandikizwe uboho (unaotengeneza seli za damu) wenye pengo hilo?

Kwa sababu upandikizaji wa uboho unaweza kuua. Timothy Ray Brown alifanyiwa Berlin mwaka 2007 kwa kuwa alikuwa na saratani ya damu, na daktari wake akachagua mchangiaji mwenye pengo hilo. VVU havikurudi hadi alipofariki mwaka 2020, na kilichomuua ni saratani iliyorejea. Adam Castillejo wa London, ambaye habari zake zilitangazwa 2019, naye alikuwa na saratani. Kwa mtu ambaye kidonge kimoja kwa siku kinamtosha, hakuna daktari atakayependekeza njia hiyo. Kuhusu kuhariri jeni za watoto kabla hawajazaliwa, mwanasayansi He Jiankui alitangaza mwaka 2018 huko China kwamba amewafanyia hivyo mapacha, na akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

17. Kama mwili wa mtu unaweza, kwa nini chanjo haijapatikana?

Kwa sababu tulichokiona Majengo hakitafsiriki kirahisi kuwa sindano. Chanjo kwa kawaida huamsha kinga, na kwa VVU kuamsha seli zisizofaa ni kumwongezea kirusi malisho. Jaribio la Thailand lililotangazwa mwaka 2009 lilipunguza maambukizi kwa takribani asilimia 31, kiasi ambacho hakikutosha. Jaribio lililofanyika Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban lilisitisha utoaji wa chanjo mwishoni mwa 2023 baada ya kuonekana kwamba hazingefaulu. Mafanikio yamekuja kwa upande wa dawa: sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa Afrika Kusini na Uganda, na matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha hata ambukizo moja kati ya wanawake 2,134 waliopewa.

18. Nilijamiiana bila kinga juzi na mtu ambaye nadhani ana VVU. Nisubiri nione kama mwili wangu utavishinda?

Usisubiri. Nenda leo kwenye kituo cha afya uombe PEP, dawa za dharura za kuzuia maambukizi. Huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Utapimwa kabla ya kuanza na tena baada ya kumaliza, kwa tarehe utakazopewa. Kama hatari ya namna hii hukukuta mara kwa mara, uliza kuhusu PrEP (dawa za kujikinga zinazotumiwa kabla ya kukutana na virusi) hapohapo, ili ukimaliza zile siku 28 na majibu yakiwa hasi uunganishe bila pengo. Saa 72 huhesabiwa tangu tendo lilipotokea, si tangu ulipopata ujasiri wa kutoka nyumbani.